Tuko wangapi?

Nyumbani kwa baba yangu mkubwa, kule Iramba, kiporo hakikulala. Aliyekulia kijijini ataona mara moja ugeni wa jambo hili. Kwetu kiporo ndicho kilichotupeleka shule: ugali wa jana umekatwa vipande, umebabuliwa kwenye makaa, unashushwa kwa chai ya rangi au kwa mlenda uliolala nao. Lakini kwa Bamkubwa, kila jioni kabla unga haujagusa maji, alitoka uani, akatupitia kwa macho mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti hata kama ameshatuona wote: "Tuko wangapi?" Akijibiwa kumi na mmoja, alipima unga kwa kikombe chake cha bati, cha mwisho akikisawazisha kwa kidole. Ugali ukibaki, hata wa matonge mawili, hakupata usingizi. Nikiwa na miaka tisa hivi nilimwona usiku akivaa koti, akiwasha tochi, akitoka kumpelekea mlinzi wa ghala la kijiji kipande cha ugali kisichozidi kiganja changu.

Nilidhani ni ubahili. Ukoo mzima ulidhani hivyo, na wifi zake mama mkubwa walimtania kwamba ameolewa na mizani.

Maelezo niliyapata nikiwa mtu mzima mwenye watoto, jioni moja ya Julai 25, Siku ya Mashujaa. Tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, wanaonyeshwa viongozi wakiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Bamkubwa akatazama mpaka mwisho, halafu akasema, si kwa uchungu, kama mtu anayesahihisha tarehe: "Wangeweka na mwiko." Nikamuuliza mwiko wa nini. Usiku ule hakunijibu. Kesho yake akaniita chini ya mwembe, na kwa jioni nne mfululizo alinisimulia vita vyake. Nilirekodi kwa simu. Haya ninayoandika yametoka humo, na ameniruhusu kuyaandika mradi nisitaje jina lake wala la mtu yeyote aliyekuwa naye. Wengine wana wajane na watoto ambao waliambiwa mambo kwa namna nyingine, akasema, na kila nyumba iachwe na habari yake.

Alikuwa mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu yote ya kaskazini ya Mto Kagera, kisha mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. JWTZ wakati huo lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Baada ya hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, ile ambayo hata watoto wa leo wanaijua kwa maneno matatu ya sababu, nia na uwezo, jeshi lilijazwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza mpaka likapita watu 100,000. Vitabu vinaishia hapo na kurukia kutekwa kwa Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda. Mimi ningependa msomaji asimame kidogo: kila mmoja wa watu hao alikuwa na tumbo, na tumbo halingoji amri.

Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari kuandika michango. Nyumba hii debe la mtama, nyumba ile mbuzi, mwenye ng'ombe wengi akatoa ndama. Nchi nzima ilikuwa inachanga hivyo. Bibi alitoa kuku watano na mwanawe mmoja.

Asubuhi ya kuondoka, Babu alimpa Bamkubwa kitambaa cha kaniki kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na chumvi ya mawe, kiasi cha ngumi mbili. Bamkubwa alitegemea dawa ya kujikinga na risasi, kwa sababu wenzake wawili walikuwa wamepewa, na alikiri kwangu kwamba alivunjika moyo. "Nikamwambia, Baba, huko serikali itatupa chumvi. Akasema, mwanangu, serikali itakupa bunduki. Chumvi beba mwenyewe."

Babu alijua alichokisema. Alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakishuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika za kule, ambazo alisema si mvua, ni mto uliosimama wima. Barabara ziligeuka tope. Lori halipiti, punda anazama. Ikabidi posho idondoshwe kutoka angani na ndege za Dakota. Vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miavuli, lakini unga ulitupwa hivihivi, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Watu walikimbilia mbali wakisikia ndege ya chakula kuliko walivyokimbia ya adui, kwa kuwa gunia la unga kutoka mbinguni linaua sawasawa na bomu. Kila siku walipangwa mstari kumeza kidonge cha malaria mbele ya mkubwa wao, kidonge chenye uchungu kilichowageuza ngozi na macho kuwa njano. Hiyo yote Babu aliieleza kwa dakika chache. Kisha angeanza kueleza chumvi, na hapo hakuwa na haraka: jinsi mtu anayetoka jasho mchana kutwa anavyoanza kulegea magoti, kuota mchana, kulamba mkono wake mwenyewe. Chumvi ilikuwa dawa, akasema, ila haionekani kuwa dawa mpaka uikose.

Basi Bamkubwa akaenda na chumvi yake. Lori mpaka Manyoni, treni ya reli ya kati mpaka Tabora na kutoka Tabora mpaka Mwanza, kisha MV Victoria kuvuka ziwa mpaka Bukoba. Melini alitapika usiku kucha, maana mtu wa Iramba ziwa kubwa alilolijua ni Kitangiri. Aliposhuka asubuhi, mvua inanyesha, wakapewa chakula cha kwanza cha Kagera: ndizi.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiojua kwetu. Mnyiramba hula ugali wa uwele au mtama. Ndizi kwake ni tunda, tena la mtoto mgonjwa. Kuketi mwanaume mzima na silaha, ukapewa sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage ukaambiwa ndicho chakula, ilikuwa kama kuambiwa ushibe maembe. Katika kombania yao kulikuwa na Wagogo, Wasukuma, Wanyaturu, Wakurya wachache, na vijana wa Pwani waliokuwa wakiulizia wali. Wahaya waliokuwa nao walikula na kufumba macho kwa raha, wakiwa karibu na kwao. Siku tatu za kwanza, Bamkubwa alisema, kelele za matumbo usiku zilitosha kumwambia adui tulipo. Wiki ya pili mtu akileta mkungu mnamkumbatia.

Novemba ni mwezi wa mvua kule, na ni mwezi wa senene. Hili hakuna aliyenieleza kabla yake. Jeshi zima limejikusanya kusini ya mto, mizinga inavutwa kwenye tope, magari ya watu binafsi na ya mashirika yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita yamekwama mpaka ekseli, na alfajiri nyasi zote zimejaa senene waliolowa umande. Taa zilikuwa marufuku, kwa hiyo hawakuweza kuwavuta kwa mwanga kama wafanyavyo wenyeji. Wahaya wakawafundisha wenzao kuwaokota kabla jua halijawakausha mabawa, kunyofoa mabawa na miguu, kuwatia kwenye mestini, kile chombo cha bati cha askari cha kulia, bila mafuta kwa sababu wana mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo. "Chumvi yangu," Bamkubwa akasema, akijigonga kifuani. Akawa mtu anayetafutwa na mahandaki yote ya jirani.

Na kahawa. Wahaya hutafuna buni zilizokaushwa na kupikwa, mgeni akija anakaribishwa kwa kiganja cha buni. Kwenye lindo la saa nane usiku, mvua inapita ndani ya koti na sigara huwezi kuwasha, kijana mmoja alimtilia buni tatu mkononi kimyakimya. Bamkubwa hakulala mpaka keshokutwa. Mpaka leo, ukimtembelea ukitokea Bukoba, usimletee zawadi nyingine.

Nimemuuliza sana jinsi jiko lilivyofanya kazi, kwa sababu nilitaka kuelewa mwiko. Kwa kadiri alivyoniambia, ilikuwa hivi. Walipokuwa wametulia mahali, jiko la kombania lilikaa nyuma, kilomita mbili au tatu, bondeni ambako moshi hauonekani upesi. Walipika mara mbili: kabla ya mapambazuko na baada ya giza kuingia, kwa kuwa moshi wa mchana uliita mizinga. Kuni zimelowa. Mpishi wao, mtu mfupi kutoka kusini aliyekuwa mpishi wa shule kabla ya vita, alikuwa akilala amekumbatia kuni chini ya turubai ili asubuhi zishike moto. Ugali ulisongwa kwenye karai kwa mwiko mrefu kama kasia. Ukatiwa kwenye madebe yaliyofunikwa majani ya mgomba, ukabebwa kichwani mpaka mstari wa mbele. Ukifika umeshakuwa baridi na mgumu, wakaukata kwa singe. Maharage yakimwagika njiani basi ni ugali na maji. Siku za kusonga mbele jiko halikufika kabisa, walikula biskuti ngumu ambazo usipozilowanisha zinakuvunja jino, na nyama ya kopo, kopo moja watu wanne, na kama lilifunguliwa gizani huwezi kujua aliyekula zaidi ni nani, jambo lililozaa ugomvi kuliko jambo lolote katika vita vile. Waliwahi kuteua mtu mmoja wa kugawa kopo, yule yule kila siku, kwa sharti kwamba yeye achukue fungu la mwisho. Ugomvi ukaisha.

Kila jioni, kila sekisheni ilituma mtu jikoni kupeleka idadi. Mpishi alikuwa hawezi kuona vizuri gizani, kwa hiyo hakuuliza jina. Alisikia hatua, akauliza bila kugeuka: "Mko wangapi?" Unajibu tisa, anakata unga wa tisa. Ndiyo ilikuwa hesabu pekee ya kweli jeshini, Bamkubwa anadai, kwa sababu makarani waliandika waliokuwa kwenye orodha, mpishi aliandika wenye midomo.

Mwenye kupeleka idadi kwa sekisheni yao alikuwa Bamkubwa.

Niache simulizi yake kidogo, kwa kuwa jambo la kubeba chakula kichwani limenifuata tangu siku ile. Nafanya kazi Dar es Salaam na karibu kila wiki napita Kariakoo. Wengi wanajua kwamba jina hilo limetokana na kambi ya wapagazi wa Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Carrier Corps, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Wachache wamewahi kukaa wakapiga hesabu ya mpagazi. Mzigo wake ulikuwa wa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Posho yake kwa siku tuiweke kilo moja. Akibeba unga, akitembea siku 13 kwenda na 13 kurudi, mzigo wote ameumaliza yeye mwenyewe, na askari wa mbele hajaonja. Ndiyo maana jeshi dogo la mstari wa mbele lilihitaji umati wa wapagazi nyuma yake, na wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi hao. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na sehemu ya maradhi hayo ilitoka sufuriani: unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu, ukapewa watu ambao matumbo yao yalizoea ndizi au mtama. Mnara wa Askari uliosimamishwa pale mjini mwaka 1927 unawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Umetaja miguu na mikono, lakini sanamu iliyo juu ni ya askari na bunduki yake. Kila nikiipita namkumbuka Mganda mla ndizi aliyekufa kwa ugali mwaka 1917, na Mnyiramba mla ugali aliyenusurika kwa ndizi mwaka 1979, na naona kwamba tumesimulia vita hivi kwa kutazama upande mmoja tu.

Turudi. Januari 1979 Mutukula ikatekwa, na mwishoni mwa Februari Masaka. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi wao walizitembea kwa miguu, mzigo mgongoni, risasi kiunoni, kwa sababu magari hayakutosha na yaliyokuwepo yalibeba mizinga. Waganda waliwaita bakombozi. Bamkubwa analipenda neno hilo lakini halimridhishi lote, kwa sababu anakumbuka mengine. Anakumbuka boma moja, wenyewe wamekimbia, mlango uko wazi, na wao wana njaa ya siku mbili. Wakakata mikungu mitatu. "Mliacha kitu?" nikamuuliza, nikitegemea ataniambia waliacha kopo la nyama mlangoni. "Hatukuacha kitu," akasema. "Tulikula tukaondoka. Mpaka leo sijui mwenye shamba alirudi akakuta nini zaidi ya vile visiki."

Karibu na Masaka walimkuta bibi mmoja ambaye hakukimbia. Walipomsalimu kwa Kiswahili akaanza kutetemeka. Hilo liliwashangaza, kwa maana kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kumtuliza mtu asiyekujua. Lakini katika Uganda ya Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Mtu akikisikia usiku mlangoni kwake, anajua kinachokuja. Ikabidi Mhaya mmoja wao amsemeshe kwa Kiganda chake cha kuungaunga, na ndipo bibi akakaa chini. Baadaye akawapikia matoke na mchuzi wa karanga, kwenye majani ya mgomba kama ilivyo desturi yao. Kilikuwa chakula cha kwanza cha jikoni, cha mkono wa mama, tangu Novemba. Hakikuwa na chumvi hata chembe. Chumvi, sukari na sabuni vilikuwa vimeadimika Uganda kwa miaka. Bamkubwa akafungua kitambaa cha kaniki. Ilikuwa imebaki kidogo, imeshika unyevu, imekuwa kama tope jeupe. Akamwekea kiganjani. Bibi akachovya kidole, akalamba, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema chochote. Wakala. Walipoondoka akawasindikiza mpaka barabarani, akiwa bado amefumba ile ngumi.

Brigedi yao, ya 201, ilikuwa karibu yote ya mgambo ambao hawajawahi kupigana vita vya ana kwa ana. Machi 10, 1979, walikuwa Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala. Jioni ile Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwapiga kwa makombora ya kufululiza. Vitabu vinasema brigedi ilitawanyika, na ni kweli, Bamkubwa hakuona haya kuniambia kwamba alikimbia. Usiku ule brigedi ya 208 ikazungushwa kwa nyuma, 201 ikapangwa upya, na asubuhi ya Machi 11 wakashambulia kutoka pande mbili. Walishinda. Huo ndio mpigano unaosemwa kuwa ulivunja uti wa mgongo wa vita.

Jioni yake Bamkubwa akatumwa jikoni kupeleka idadi.

Sekisheni yao ilikuwa watu tisa. Mmoja alimwona akianguka karibu naye wakati wa makombora, na hakuinuka. Mmoja alibebwa kwenda nyuma, tumbo limefungwa kwa shati. Wa tatu, rafiki yake wa tangu melini, yule aliyemshika mgongo akitapika, hakuna aliyejua aliko. Alitembea gizani akiipiga ile hesabu kichwani kama mtoto wa darasa la kwanza: tisa toa watatu. Akasikia mwiko ukigonga karai. Mpishi hakugeuka. "Mko wangapi?"

"Nikasema tisa."

Mpishi alinyamaza. Alikuwa ameshasikia habari, jioni ile alikuwa amepokea idadi nyingi zilizopungua. Akarudia kuuliza, polepole, kama anayempa mtu nafasi. Bamkubwa akarudia kujibu tisa. Mpishi akakata unga wa tisa, akautia kwenye debe, akafunika kwa majani, akamsaidia kujitwika, na wakati huo akamshika bega. Hawakuzungumza tena habari ile, wala siku ile wala baadaye.

Sita walikula. Koplo wao alipoona ugali uliobaki alielewa, hakugomba. Hakuna aliyetaka kuutupa na hakuna aliyetaka kuula. Wakaugawa mafungu matatu kwa singe, wakayafunga kwa majani, Bamkubwa akayatia kwenye mestini yake. Kesho yake mvua ikamwaga, magari yakakwama nyuma, jiko halikufika. Keshokutwa halikufika pia. Jioni ya siku ya pili, ugali umeanza kuchacha na kutoa harufu ya togwa, koplo akasema toa hicho. Wakala watu sita mafungu ya watu watatu.

"Kilikuwa kitamu, mwanangu," Bamkubwa aliniambia, na kwa mara ya kwanza katika jioni zile nne akageuza uso. "Hicho ndicho kiporo nisichoweza kulala nacho. Si kwamba tulikula. Ni kwamba kilikuwa kitamu."

Aprili 11 walikuwa Kampala. Watu barabarani, vigelegele, maduka yamevunjwa, mtu anapita na jokofu kichwani. Bamkubwa anakumbuka kidogo sana mambo hayo. Anachokumbuka ni kwamba siku chache baadaye, kwenye foleni ya chai ya kikosi kingine kabisa, alimwona yule rafiki yake wa melini amesimama na mestini. Usiku wa Lukaya alitawanyika, akaangukia kinamasini, akatokea upande wa watu wengine, wakambeba na kumpa namba kwao. Walishikana mpaka chai ikamwagika. Bamkubwa alimweleza habari ya ugali usiku ule ule, hakutaka ikae. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi mnanidai matanga, na mimi nawadai tonge."

Vita vikaisha mwanzoni mwa Juni, na kabla ya mwaka kwisha Bamkubwa alikuwa amerudi kijijini, na mestini na buti. Mwalimu akaomba nchi ifunge mkanda miezi 18, na ikafunga kwa miaka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa yanga, ule wa njano, ambao watu waliula wakiulaumu. Bamkubwa hakuulaumu. Mambo hayo kila mtu wa rika lake anayajua na mengi yameshaandikwa, siyarudii.

Ya wapishi sijayaona yakiandikwa. Nimetafuta kwa miaka michache sasa na kila ninapokutana na mzee aliyekuwa kule namuuliza kwanza alikuwa anapikiwa na nani. Wengi husita, halafu uso hufunguka, halafu jina hutoka, jina la miaka zaidi ya 40, pamoja na kijiji alikotoka na wimbo aliokuwa akiimba akisonga. Pale Kaboya, Muleba, wamelala mashujaa wetu, na ninaamini wako na wapishi na madereva na wabeba madebe kati yao. Mpishi wa kombania yao Bamkubwa hajui aliishia wapi. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa barabara ya Jinja, amekaa juu ya lori amekumbatia kuni.

Habari ya mwisho hakunipa yeye. Nilipewa na mama mkubwa jikoni, mwaka jana, tukiosha vyombo. Anasema mwaka 1986 alikuja mgeni kutoka mbali, bwana mmoja mrefu anayechechemea, hakuandika barua kabla, alishuka tu kwenye basi na begi dogo. Wakakaa na Bamkubwa chini ya mwembe tangu saa tano mpaka jua linazama, na mama mkubwa anasema kwa muda mwingi hawakuwa wanazungumza. Jioni Bamkubwa akatoka uani kama kawaida yake. Nyumbani siku ile walikuwa watu saba pamoja na mgeni. Akauliza: "Tuko wangapi?"

Mgeni akajibu kutoka pale alipokaa, kabla watoto hawajafungua midomo: "Tisa."

Bamkubwa akasimama kidogo na kikombe chake. Kisha akapima unga wa watu tisa, akasawazisha cha mwisho kwa kidole. Wakala, ukabaki, na usiku ule hakutoka na tochi. Mama mkubwa aliufunika kwa ungo na asubuhi watoto wakaugombea.